Nenda Kapumzike, Mama

Jembe la mama tulilificha mwezi wa kumi, nyuma ya magunia ya mahindi. Wazo lilikuwa la kaka. Mimi niliunga mkono kwa simu nikiwa kazini Mbeya. Mvua zilikuwa zinakaribia, na sote tunamjua mama. Wingu la kwanza likitanda juu ya milima ya Mbizi, yeye ameshapasha kiporo na kutoka. Mwaka huo hatukutaka atoke.

Alikuwa amerudi mwezi wa tisa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, baada ya kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inawapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Pale Ocean Road alipigwa mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Mara moja kila wiki alitundikiwa dripu ya dawa. Mwishoni ikaja mionzi ya ndani, ambayo hajawahi kuisimulia na mimi sijamuuliza. Alirudi amekonda, nguo zinamcheza mwilini, lakini vipimo vilisema uvimbe hauonekani tena. Tulitoa misa ya shukrani, kisha tukamlaza.

Nasema tukamlaza kwa sababu ndicho tulichofanya. Wifi yangu aliambiwa asimwachie mama ndoo hata moja. Wajukuu walipangiwa zamu za kumletea maji ya kunawa. Kila mgeni aliyekuja kumpa pole na sukari kilo moja mkononi alimwambia neno lilelile: pumzika mama, umepigana vya kutosha. Mama aliitikia ahsanteni. Akishika ufagio unachukuliwa. Akianza kuchambua maharage, sinia linahamishwa. Tulikuwa familia nzuri sana, na majirani walisema hivyo.

Nilikuja likizo ya Krismasi nikapewa kitanda chumbani kwake. Usiku wa kwanza niliamka saa tisa, baridi ya mvua imenipenya. Anayedhani Tanzania yote ni joto aje alale Ufipa, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mama alikuwa ameketi kitandani, kitenge mabegani, anatazama mlango.

"Mama, hujalala?"

"Nimelala sana mchana, mwanangu."

Usiku wa pili vilevile. Usiku wa tatu sikumuuliza, nilihesabu tu. Alikwenda chooni mara nne, maana kibofu kilichopitiwa na mionzi hakina subira, na kila aliporudi alijilaza polepole ili kitanda kisilie nikaamka. Hadi jogoo wa kwanza sikusikia pumzi ya mtu aliyeshikwa na usingizi.

Mwisho wa mwezi nilimsindikiza kliniki. Daktari, kijana mpole, alimuuliza vizuri kabisa: mama, usiku unalala? "Nalala vizuri, daktari, Mungu ni mwema." Tulipotoka nje nilimuuliza kwa nini amemdanganya. Alinishangaa. "Mtu amekutoa kaburini, halafu umlalamikie usingizi?"

Tangu hapo nimekuwa nikikiwazia kitenzi hicho, kulala. Kiswahili kinakitumia kwa mambo mawili: kujinyoosha kitandani, na kuchukuliwa na usingizi. Siku zote tunaelewana bila shida, kwa kuwa mtu aliyechoka akilifanya la kwanza, la pili linamfuata. Kwa mama mambo hayo yalikuwa yameachana. Alilala saa kumi na sita kwa siku bila kulala. Na sisi, kila tulipomwona macho mekundu, tulimwambia akalale, yaani tulimrudishia palepale kilichokuwa kinamnyima.

Wenye taaluma ya usingizi wameliona jambo hili muda mrefu. Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, alieleza kwamba kitanda humfundisha mtu. Ukikitumia kwa usingizi peke yake, mwili unajifunza kukiona na kusinzia. Ukikitumia kwa kuwaza, kupokea wageni na kusubiri alfajiri, mwili nao unajifunza kuwaza na kusubiri. Ushauri wake ulikuwa mgumu kuusikia: usipopata usingizi, toka kitandani, nenda kwingine, rudi ukisinzia. Asubuhi amka saa ileile hata kama hukufumba jicho. Mchana usilale. Kwenye msingi huo, na mwingine wa kupunguza kwa makusudi saa za kukaa kitandani, ikajengwa tiba ya mazungumzo ambayo leo ndiyo inayopendekezwa kwanza kwa mtu mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu, kabla ya vidonge. Wagonjwa wa saratani hawakusahauliwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 uliwachukua watu 160 waliowahi kuugua saratani na wasiolala. Wengine walipewa tiba hii, wengine walichomwa sindano za Kichina. Makundi yote mawili yalipata nafuu, ila lile la mazungumzo lilipata zaidi. Miaka miwili kabla yake, wanawake 90 waliowahi kuugua saratani ya matiti waligawanywa kati ya tiba hiyohiyo na tai chi, yale mazoezi ya Wachina ya kwenda polepole kama mtu anayetembea ndani ya maji. Baada ya miezi 15 tai chi haikuwa imeachwa nyuma.

Nilisoma hayo kwenye simu, nikiwa nimepanda kichuguu nyuma ya nyumba mtandao unaposhika, nikashuka nimepata jibu. Usiku ule nilimwambia mama: ukiona usingizi umekataa, usibaki kitandani, amka, toka, kaa nje ya chumba kidogo.

"Niende wapi?"

Kweli, aende wapi. Nyumba ina vyumba viwili na sebule wanamolala wajukuu wanne. Jiko liko nje. Na kuna jambo jingine, ambalo ilibidi aniambie yeye, mimi mwenye shahada. Wenyeji hueleza jina la Sumbawanga kwa Kifipa kuwa ni kumwambia mtu atupe uchawi wake. Wageni hulicheka jina hilo kwenye mabasi. Lakini mwanamke wa miaka 61, mjane, aliyekonda ghafla, macho mekundu, akionekana saa tisa usiku amesimama uani peke yake, hana haja ya kuelezwa utani huo. Nchi hii imeua vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe mara nyingi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni tu. "Mimi kwenda chooni nakwenda na tochi," alisema, "na nakohoa njia nzima, wasikie ni mimi na nakwenda chooni."

Nilikuwa nimemwona akikohoa. Nilidhani ni kifua.

Simaanishi kwamba ushauri wa Bootzin ni mbaya. Ulitolewa kwa mtu mwenye sebule. Tulihangaika nao. Wajukuu wakahamishiwa chumba cha wazazi wao, na pembeni mwa sebule tukaweka kigoda, blanketi na taa ya sola. Nilikataa jiko la mkaa ndani, maana moshi wake usioonekana unaua watu kila msimu wa baridi. Na pale, kwenye kigoda, nikamrudishia sinia la maharage. Usiku wa manane hakuna jirani wa kuona kwamba tunamfanyisha mgonjwa kazi. Nilikaa naye. Yeye alichambua, mimi nilipiga miayo, na usiku wa tano au wa sita hivi akaanza kusema.

Sikutegemea alichosema. Nilikuwa nimejiandaa kwa kifo. Nilikuwa na maneno kabisa, mengine niliyasoma kwenye simu kule kichuguuni. Yeye akasema ng'ombe. Ng'ombe wawili wa kaka waliuzwa kwa ajili ya nauli, chakula na malazi ya Dar, na yule mmoja alikuwa na mimba. Kila usiku mama anawahesabu: huyu angekuwa amezaa, huyo ndama angekuwa hivi, maziwa yangekuwa kiasi gani, ada ya mjukuu wa kwanza ingetoka wapi. Mchana anaona watoto wa kaka wanamletea maji ya kunawa kana kwamba ni askofu, na usiku anahesabu. "Nakula, silimi," alisema. "Nakula ng'ombe za watu, silimi."

Tulikuwa tumemchukulia jembe ili apumzike. Tulimwachia hesabu.

Kaka hakukubaliana nami, na sitaki kumwonyesha kama mtu mbaya, kwa sababu ndiye aliyeuza ng'ombe. Tuligombana ghalani, kwa sauti ya chini. Nilimwambia wataalamu sasa wanasema mgonjwa wa saratani asilazwe tu: mwaka 2019 jopo la kimataifa lilipitia tafiti nyingi na kuona kwamba kutembea au mazoezi mengine ya kutoa jasho, nusu saa, mara tatu kwa wiki, kunapunguza wasiwasi, huzuni na ule uchovu wa ugonjwa usioisha kwa kulala. Kwa usingizi ushahidi si mzito kiasi hicho, lakini upo. Kaka alisikiliza akasema, "Mdogo wangu, wewe ukiondoka, watu watamwona mama shambani wataniuliza mimi." Niliona aibu kwa niaba yake. Baadaye niliona aibu kwa niaba yangu, maana mimi pia nilipounga mkono lile jembe lifichwe nilikuwa nawaza jinsi itakavyosikika: amesoma, yuko Mbeya, mama yake analima na saratani.

Hapa ndipo lilipo swali ambalo bado linanisumbua. Upendo wa aina hii ni wa nani? Kumwambia mgonjwa apumzike kunamgharimu mwenye kusema kidogo sana, na kunamfanya aonekane mwema. Kukaa naye saa tisa usiku kunagharimu zaidi, na hakuna anayekuona. Na neno lenyewe tunalimaliza vibaya. Siku moja shangazi alimwambia mama kwa mara ya tatu kabla ya chai, pumzika wifi, naye akamjibu, "Kila siku pumzika, pumzika. Si nitapumzika tu, mbona mnanitangulizia?" Watu wakacheka, kwa sababu kila mtu pale ameshaona maandishi kwenye misalaba.

Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, kuonyesha kwamba katika jamii ya zamani kila mtu alifanya kazi. Shuleni tulifundishwa kwamba inawasema wavivu. Siku hizi naisikia upande wa pili. Ukimpa mgeni jembe humsimangi tu, unamwambia pia kwamba tangu leo yeye ni wa hapa, anaweza kukosea tuta na kugombezwa kama wengine. Sisi tulikwenda kinyumenyume. Mwenye nyumba, aliyejenga na baba kwa mikono yao, tulimnyang'anya jembe tukamfanya mgeni, na mgeni kazi yake ni kushukuru. Ndiyo maana hata daktari alimshukuru badala ya kumjibu.

Lakini hoja hii isiteleze kirahisi. Mama alilima tangu akiwa na miaka saba. Wanawake wa uwanda huu wamebeba maji, kuni, watoto na mahindi hadi migongo ikakubali umbo la mzigo, na mtu anayekuja na makala ya Marekani kuwaambia kwamba wanahitaji mazoezi anastahili kuchekwa. Kuliita jembe mazoezi kunaweza kuwa njia ya kifahari ya kumrudisha mjane shambani mtu akapata mavuno. Nilijaribu kukwepa mtego huo kwa kumpangia matembezi: nusu saa, kuzunguka kiwanja cha shule, mimi nikishika simu ya kuhesabu hatua. Alikwenda siku moja. "Kutembea bila kwenda," aliuliza, "ndiyo dawa?" Siku ya pili alikataa. Siku ya tatu alisema kama ni kutembea, basi atatembea kwenda jumuiya, ile sala ya kila wiki inayozunguka nyumba kwa nyumba, ambayo tangu augue tulikuwa tumeiomba ifanyike kwetu yeye asihangaike. Alikwenda, kwa dakika 40 ambazo mimi ningetumia 15, akipumzika mara mbili. Kule akakuta mwanamke mwingine aliyepita Ocean Road. Sijui walizungumza nini. Nilikatazwa kuingia.

Kuna utafiti mmoja ninaoufikiria tangu usomwe mwaka 2025. Uliwafuata wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, si ya mama, waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kupata dawa. Nusu walipewa vijitabu vya afya vyenye ushauri wa mazoezi na lishe. Nusu walipewa vijitabu hivyohivyo pamoja na mtu: mshauri wa mazoezi aliyekutana nao kwa miaka 3, mara nyingi mwanzoni, kisha mara moja kwa mwezi. Baada ya miaka mitano, karibu 80 katika kila 100 wa kundi la pili walikuwa hai bila saratani kurudi, dhidi ya karibu 74 wa kundi la vijitabu. Magazeti yaliandika kwamba mazoezi yanashinda saratani. Mimi nilichoona ni kwamba makundi yote mawili yaliambiwa wafanye mazoezi. Moja ndilo lililopata wa kwenda naye. Na naogopa habari ile ikifika kwetu nusu, maana haitachelewa kugeuka lawama: saratani yake imerudi, si alikuwa halali, si alikuwa hafanyi mazoezi. Mgonjwa ana deni la kutosha.

Daktari wa kliniki, mama alipomwambia hatimaye ukweli (nilikuwa nimesimama nyuma yake kama polisi), alimpima damu, akamuuliza kuhusu maumivu ya nyonga, kwa kuwa mionzi inaweza kudhoofisha mifupa ya huko. Akasema anaweza kufanya kazi nyepesi, kidogo kidogo, akiona damu au maumivu aache arudi. Mama alimwuliza jembe ni zito au jepesi. Daktari akamwuliza yeye analionaje. Nadhani katika mwaka mzima wa ugonjwa hilo lilikuwa swali la kwanza lililomwachia jibu.

Jembe hatukumrudishia. Niliporudi Pasaka nililikuta limesimama mlangoni, lina udongo. Alikuwa anajua lilipo tangu siku ya pili. Mtu aliyepanga magunia yale maisha yake yote anaona yakisogezwa. Alisubiri tu, alisema, aone tutamwambia lini.

Ufipa tunalima kwa matuta ya mviringo, intumba. Mwishoni mwa mvua unapasua ardhi yenye majani, unageuza udongo juu ya majani, unayafunika yaoze humo ndani, na msimu unaofuata unasambaza tuta na kupanda ulezi juu ya mbolea hiyo. Alikuwa ametengeneza matuta manne kwa wiki mbili. Zamani yangekuwa ya kabla ya chai. Nilikwenda naye asubuhi. Alipasua mara tatu, akakaa juu ya kanga, akapasua tena. Nilimuuliza kama anafanya hivi kwa sababu anapenda au kwa sababu ya ng'ombe.

Hakujibu upesi. "Ukishajua wewe," alisema, "uniambie."

Basi hapo ndipo ninapokwama. Nilitaka jembe liwe uhuru wake, na huenda kwa sehemu ni malipo, mwanamke mgonjwa anafidia ndama ambaye hakuna aliyemdai. Kaka amemwambia mara mbili, mbele yangu, kwamba ng'ombe ni zake yeye mama tangu mwanzo. Anaitikia, anaendelea kuhesabu. Kumnyang'anya jembe hakukufuta deni hilo na kumwachia hakulifuti. Ila anapokuwa na jembe, anasema, anahesabu matuta.

Jumapili ile kaka alikuja shambani baada ya misa, amevaa bado shati la kanisani, akachukua jembe bila kusema neno akaanza tuta la tano. Mama alimtazama kidogo akamwambia majani hajayafunika sawasawa, hayo yatakauka hayataoza, arudie. Akarudia.

Usiku nililala kitanda changu cha Krismasi. Anaamka bado, hajapona usingizi wake, na wiki ya kliniki huwa hafumbi jicho kabisa. Niliposhtuka ilikuwa saa tisa na nusu. Kigoda cha sebuleni kilikuwa kitupu, taa imezimwa, na upande wake kulikuwa kimya. Sikuweza kujua kama amelala au amelala tu. Nikataka kumuita, nikaacha, nisije nikamwamsha.